Pembe Tupu ya Kitambaa cha Meza

Chumba cha kushonea kilikuwa na madirisha upande mmoja tu, upande wa mto, na chini ya madirisha hayo paliwekwa benchi refu la mbao nyekundu. Liliitwa benchi la wachumba. Msichana wa mwaka wa mwisho aliyekwisha kuposwa alikaa hapo, penye mwanga na upepo, akidarizi kitambaa chake cha meza. Sisi ambao hatujaposwa tulikaa nyuma, karibu na kabati la mashuka. Huko nyuma joto la mchana lilituchosha, na ilitubidi kupaka viganja unga wa muhogo ili jasho lisichafue kitambaa cheupe.

Naanza na mabenchi kwa sababu wajukuu wanaponiuliza habari hii hudhani nilikuwa na mawazo makubwa. Kwa muda mrefu ilikuwa tu habari ya nani anakaa wapi, na nani anachota maji.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wasichana peke yao, hapa Kisangani, katikati ya miaka ya hamsini. Iliongozwa na watawa wa Kizungu, na sisi tuliwaita mamere. Asubuhi tulifundishwa ualimu: kushika chaki, kupanga somo, kuwaimbisha watoto namba. Mchana tulifundishwa kuwa wake za watu: kupiga pasi ya makaa, kuoka mkate, kutandika meza ya watu sita. Katika mwaka wa mwisho kazi kubwa ya mchana ilikuwa kitambaa cha meza pamoja na serviette zake, vile vitambaa vidogo vya kufutia mdomo. Kila msichana alikidarizi kwa ajili ya nyumba atakayoolewa. Mume ambaye mamere walitutakia alikuwa karani, au msaidizi wa daktari, au mwalimu, mtu ambaye siku moja Wazungu wa serikali wangeweza kumtembelea ili waone kama anaishi kistaarabu. Mamere walituambia kwamba wageni wa namna hiyo hutazama meza kwanza.

Pembe tatu za kitambaa zilijazwa maua. Ya nne iliachwa tupu, ikingoja herufi ya kwanza ya jina la mume. Hilo halikuamriwa na mamere. Wasichana waliotutangulia ndio waliolianzisha, na mamere walilipenda wakaliacha. Msichana akiposwa, wenzake walimzunguka kwa duara, kitambaa kikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akatia mshono mmoja kwenye herufi ile huku tukiimba. Halafu aliyeposwa aliinuka, akachukua ndoo yake ya maji, akamkabidhi mmoja wetu wa nyuma, akaenda kukaa dirishani. Wachumba hawakuchota maji, kwa sababu mikono yao ilitakiwa kuwa laini kwa kudarizi. Kwa hiyo kila herufi iliyotiwa iliongeza ndoo kwa waliobaki. Baada ya Pasaka tuliobaki nyuma tulikuwa wachache, na kisima kilikuwa mbali, na jioni nilikuwa nikilala kabla sala haijaisha.

Nilichokitaka kilikuwa darasa. Tulipopelekwa kujaribu kufundisha katika shule ya watoto jirani, nilipewa watoto wa mwaka wa kwanza, nao walinitazama mdomoni kana kwamba namba zilikuwa zikitoka humo zikiwa na miguu. Sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote. Papa yangu alikuwa mwashi kwenye bwawa la umeme lililokuwa likijengwa kwenye mto Tshopo, na alikuwa amewaambia wenzake wote wa zege kwamba binti yake atakuwa mwalimu. Jumapili ya kutembelewa alitembea kwa miguu kutoka kwetu, mtaa wa Tshopo, akiwa na mkungu wa ndizi begani, akaketi kwenye benchi la mapokezi, akaniuliza swali lile lile.

"Mutoto, na darasa? Wanakupatia lini?"

"Bado, Papa."

"Bon. Tutangoja."

Lakini darasa lilipitia kwenye herufi. Mamere wa kushona ndiye aliyewapangia waliomaliza mahali pa kufundisha. Alikuwa mama mfupi, mwenye haki kwa namna yake, aliyesema Kiswahili cha vitabuni. Alituambia wazi mwanzoni mwa mwaka.

"Binti zangu, siwezi kumtuma msichana asiye na mchumba akafundishe. Watu watasema maneno, na yeye atajilinda kwa kitu gani? Mwenye mchumba ana jina la mtu juu yake."

Hakuwa akisema uwongo kuhusu maneno ya watu. Mjini, mwanamke aliyeishi bila mume aliandikwa ofisini alipe kodi yake peke yake, na jina ambalo watu walimwita sitaliandika hapa. Kwa hiyo mwenye herufi alipata darasa karibu na mji hadi siku ya ndoa, kisha akamfuata mumewe. Asiye na herufi alirudi kwa wazazi wake na cheti mkononi, basi.

Rafiki yangu wa karibu alikuwa binti wa wavuvi wa maporomoko, msichana mnene kidogo, mcheshi, aliyeweza kumwiga kila mtu pale shuleni, mamere mkuu pamoja na miwani yake. Tulikaa pamoja nyuma na kuchota maji pamoja. Siku moja, bila kuniambia lolote, aliposwa. Duara lilifanywa, tukaimba, nikatia mshono wangu. Herufi ilikuwa ya karani mmoja wa Basoko. Aliinuka, akanipa ndoo yake, na aliponipa alinikonyeza.

Nilimfuata kisimani Jumamosi ile, kwa kuwa Jumamosi hata wachumba walifua nguo zao.

"Huyu wa Basoko, ulimjuaje?"

"Simujui."

"Umemuona wapi?"

"Nilimuona mara moja, alikuwa anashuka mashua na mwavuli. Ni yaya, kaka mukubwa, ya yule mwenye kulala kitanda karibu na mlango." Alikamua gauni lake, akacheka. "Nimemuazima, ndeko, ndugu yangu. Yeye mwenyewe hajui. Sasa iko naketi dirishani kama malkia, na mwezi wa saba nitapata darasa. Kiisha nitasema ameniacha. Wanaume si wanaachaga watu?"

Nilitua ndoo chini. "Na wengine pale dirishani?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akachoka, akaufunga mkono. "Uliza wa kweli ni wangapi. Itakuwa mwepesi zaidi."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Wasichana walikuwa wakiazimana kaka, binamu na majirani wa nyumbani, na ilikuwa hivyo hata kwa wale waliotutangulia. Wa mbali ndio waliotafutwa zaidi, wa Basoko, wa Yanonge, mtu ambaye hangekuja kutembelea Jumapili. Wachache waliokuwa na wachumba wa kweli walijua yote na walinyamaza. Duara letu lote la nyimbo lilikuwa likishonea hewa, na kila aliyeshika sindano alilijua hilo isipokuwa mimi na mamere.

Rafiki yangu alinitafutia herufi siku iyo hiyo. Alikuwa na binamu Yanonge, mchuuzi wa samaki wa kukaushwa, kijana mpole.

"Hana shida," alisema. "Hata akijua atafurahi."

"Sitaki."

"Weye iko na kichwa nguvu. Ni kauzi tu, mama. Kauzi."

Sikuwa na hoja nzuri ya kumpa. Nilifikiri juu ya Papa, ambaye angekuja kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka pamoja na wazazi wengine, angeiona herufi, angeuliza ni ya nani, na angekwenda Yanonge kwa mtumbwi kusalimia ukoo wa kijana, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Nilifikiri pia kwamba ningepewa darasa kwa jina la mtu asiyekuwepo, na kila asubuhi ningesimama mbele ya watoto nikingoja kuulizwa yuko wapi. Lakini kwa kweli hayo yote niliyapanga baadaye. Siku ile nilikuwa nimechoka tu, na nilipoitazama pembe ile mkono wangu haukutaka.

Wiki zilivyopita, waliokaa nyuma walihama mmoja mmoja. Mwishowe nilibaki peke yangu karibu na kabati la mashuka, na ndoo zote zikawa zangu.

Hapo ndipo kiongozi wa benchi alipokuja. Alikuwa msichana mrefu, binti wa katekista, mwenye mchumba wa kweli, mwalimu, ambaye alimwandikia barua kila mwezi. Hakuhitaji kumwazima mtu. Lakini yeye ndiye aliyeongoza nyimbo, na aliona utaratibu ule kuwa mali yake. Alikuja na wawili nyuma yake, akaketi kwenye ukingo wa kabati.

"Unajiona mutakatifu?"

"Hapana."

"Basi ni nini? Hakuna mwanaume wa kukutaka hata kwa kuazima?" Wale wawili wakacheka. Yeye hakucheka. "Sikiliza. Mwaka wetu wote, hakujabaki hata pembe moja tupu ila yako. Siku ya maonyesho mamere atapita meza kwa meza. Akifika kwako ataona tupu. Ataanza kuuliza. Akianza kuuliza wewe, ataishia wapi?"

"Mimi sitasema kitu."

"Si wewe utasema. Ni kitambaa chako."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonichosha kuliko dharau zake. Kama ningekuwa nikipinga peke yangu, kwa gharama yangu, ningelala vizuri. Lakini pembe yangu moja iliyo tupu ilikuwa tishio kwa pembe nyingine zote, na darasa la kila mmoja wao lilikuwa juu ya meza pamoja na langu. Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri. Nilikaa na sindano yenye uzi wa buluu, nikaichomeka kwenye kitambaa, nikaichomoa. Pale palibaki tundu dogo ambalo lilifutika nilipolisugua kwa ukucha.

Walipoona siku zinakwisha bila herufi, wakanyamaza. Sijui kama aliyesoma shule ya kutwa anaweza kuelewa ukimya wa bweni. Hakuna aliyenigusa. Mezani sahani ya wali ilinipita ikazunguka ikarudi ikiwa na ukoko. Kwenye kamba ya kuanikia, nguo zangu zilisogezwa hadi mwisho, kwenye kivuli, zikawa hazikauki, nikavaa gauni bichi. Nilipoingia bwenini maneno yalikatika, na nilipotoka yakaanza tena pale pale. Rafiki yangu wa maporomoko alinyamaza pia, ila alipokuwa akinipita alimwiga msichana mrefu kwa kurefusha shingo kidogo tu, ili nicheke. Nilicheka mara ya kwanza. Baadaye hata kucheka kuliniwia kazi.

Siku ya maonyesho tuliamka mapema kuvitia vitambaa maji ya wanga na kuvipiga pasi. Meza zilipangwa ukumbini, kila moja na kitambaa kimoja, sahani za kuazima kwa mamere, na maua katika glasi. Desturi ilikuwa kwamba pembe yenye herufi huning'inia mbele, upande wa wageni. Ningeweza kugeuza kitambaa changu. Msichana mrefu mwenyewe alinijia, ukimya wake ukavunjika kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akanena kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba.

"Geuza basi. Weka maua mbele. Sitakuomba kitu kingine."

Nilimwonea huruma, maana yeye mwenyewe hakuwa na la kuogopa, aliogopa kwa ajili ya wenzake. Nikageuza kitambaa. Maua yakawa mbele. Pembe tupu ikaangukia nyuma, upande wangu, ikagusa goti langu. Nilidhani tumemaliza.

Wake wa Wazungu walipita kwanza, na glavu zao, wakiinua pindo kwa kidole kimoja na kulitazama upande wa nyuma, ambako ndiko mafundo mabaya hujificha. Mmoja wao alikaa kwangu muda mrefu akisifu maua, kisha akavuta kitambaa chote ili amwonyeshe mwenzake kazi ilivyolingana pembe zote nne. Mamere wa kushona alikuwa nyuma yao. Pembe ikazunguka, ikaja mbele, nyeupe.

Mamere aliitazama. Akangoja wageni wasogee meza ya pili.

"Mtoto wangu, hapa umesahau?"

"Hapana, mamere. Sina mchumba."

"Mwaka mzima hukupata?"

"Sikupata."

"Wenzako wote wamepata."

Ukumbi ulikuwa na kelele ya visigino na Kifaransa cha wageni, lakini meza zilizo karibu nami zilikuwa zimenyamaza. Nilijua wanasikiliza. Mamere naye alikuwa akinitazama kwa namna mpya, akili yake ikifanya kazi.

"Wenzako wote," alirudia. "Wewe unawajua. Ni wa kweli, hao wachumba?"

"Mamere, mimi najua pembe yangu tu."

Hakunisukuma. Aligeuka akamwita msichana mrefu, akamuuliza swali lile lile, na msichana mrefu, kwa uso usiotikisika, akajibu kwamba wachumba ni wa kweli wote, mmoja mmoja. Mamere akaitika kwa kichwa. Hakuwa mjinga. Lakini alikuwa mwanamke aliyependa kila kitu kiwe mahali pake, na alikuwa ameambiwa kwamba kila kitu kiko mahali pake.

"Vizuri," alisema. "Basi nitawaandikia mapadri wa huko waliko, watangaze ndoa kanisani kabla ya likizo. Tumechelewa kufanya hivyo. Ni kosa langu."

Papa alifika alasiri pamoja na wazazi. Alikuwa na vumbi la saruji kwenye nyusi ambalo maji hayakuweza kulitoa. Alikizunguka kitambaa changu, akapapasa maua kwa kidole kilichopasuka, akafika kwenye pembe.

"Hapa iko nafasi."

"Ndiyo, Papa."

"Ya nini?"

"Ya mume. Hakuna."

Aliondoa kidole. "Na darasa?"

"Hawatanipa, Papa. Sababu ya hiyo."

Hakukasirika. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa cha maonyesho, kiti ambacho hakikuruhusiwa kukaliwa, akapumzisha miguu. Kisha akasema, "Kesho wanamimina zege tangu asubuhi," akaaga, akaondoka.

Majibu ya mapadri yalikuja kwa mashua, moja baada ya jingine. Mchumba wa kwanza alikuwa na mke tayari na watoto. Wa pili alikuwa amekufa mwaka uliopita, na jambo hilo liliwapa mamere siku nzima ya kumfariji msichana ambaye hakujua alie kiasi gani. Wengine waliwajibu mapadri kwamba hawamjui msichana aliyewataja. Benchi la wachumba lilikuwa wazi nusu kabla mwezi haujaisha. Wasichana walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewaandikia mapadri wale. Na ni kweli, kama ningetia uzi wa buluu mahali pale, barua zile zisingeandikwa.

Jibu la Basoko lilikuja mwisho. Rafiki yangu aliitwa ofisini, akakaa huko, akatoka. Nilikuwa kisimani. Alikuja akaketi kwenye ukingo.

"Amekubali," alisema.

"Nani?"

"Wa mwavuli. Padri alimuuliza, eti uko na mchumba Kisangani kwa mamere? Akafikiri kidogo, akasema ndiyo, iko yangu." Alijaribu kucheka na kicheko kikapotea njiani. "Alidhani watu wa kwao ndio walimutafutia. Amefurahi sana. Alishatangazwa kanisani Jumapili mara mbili."

"Sema si kweli."

"Nikisema, wale walio bado pale dirishani wataulizwa upya. Na darasa langu? Na Papa yangu alishapata habari, alishapeleka samaki kwa ndugu." Akachezea kamba ya ndoo. "Wewe ulifanya vizuri. Sisemi sababu nakupenda. Ulifanya vizuri, lakini ulituumiza."

Nilikaa karibu naye. Hakuna aliyechota maji.

"Uniombee kitu kimoja, ndeko," alisema hatimaye. "Asikuwe mufupi. Mara ile alikuwa chini ya mwavuli, sikuona vizuri."

Aliolewa na akaenda Basoko kwa mashua. Darasa alipewa huko, akafundisha mwaka mmoja, akaacha alipojifungua. Karani hakuwa mfupi. Alikuwa mtu mwema, mkimya sana, na kila nilipomwona rafiki yangu baada ya hapo alikuwa amepunguza kuiga watu, kana kwamba nyumbani hakuna wa kucheka naye.

Mimi likizo ilinikuta sina mahali. Mamere wa kushona hakunituma popote, lakini pia hakunifukuza. Nadhani nilimkera kwa namna ambayo hakuweza kuiweka kwenye sanduku lolote. Aliniambia nibaki nisaidie kutengeneza mashuka ya bweni. Nilikuwa na cheti cha ualimu na nilitia viraka. Shuka likichakaa katikati, unalikata kwa urefu, unaunganisha kingo za nje ziwe katikati, unapinda upya. Nilifanya hivyo likizo nzima, na shule ilipofunguliwa niliendelea. Nilikuwa nalala nyumbani Tshopo na kurudi asubuhi kwa miguu. Tonton mmoja, mjomba wangu, alikuja mara mbili na habari za mjane wa kiume mwenye duka, na mara zote mbili Papa alimpa chakula, akamsindikiza hadi barabarani.

Wasichana wapya wa mwaka wa mwisho waliingia chumba cha kushonea. Benchi lilikuwa pale pale. Baada ya yaliyotokea nilidhani desturi imekufa, lakini hata muhula haukuisha kabla haijarudi. Herufi ya kwanza ilitiwa na binti aliyeposwa kweli, ya pili sijui, na ya tatu niliwasikia wakinong'ona majina ya vijiji vya mbali. Waliniita niingie kwenye duara, kwa heshima, maana sasa nilikuwa mkubwa wao.

"Yaya, uje utie mushono."

Niliinua shuka nililokuwa nalo mapajani ili waone mikono yangu imejaa. Wakangoja kidogo, wakaimba bila mimi. Sikuwakataza. Sikuwaambia habari ya barua za mapadri. Walikuwa wakijua, na walikuwa wamechoka na ndoo.

Darasa lilikuja kwa sababu ya ndoa ya mwingine. Mwalimu wa watoto wa mwaka wa kwanza katika shule ya jirani, mmoja wa wale wenye herufi ya kweli, aliitwa na mumewe katikati ya muhula aende kwenye kituo kipya. Alikwenda, kama ilivyopangwa tangu mwanzo. Watoto walikaa uani siku kadhaa wakitupiana maganda ya ndizi. Mamere wa kushona akaja hadi kwenye kabati la mashuka, akasimama mbele yangu mikono ikiwa ndani ya mikono ya kanzu yake.

"Hakuna mtu," alisema. "Nimetafuta. Utawashika mpaka Jumamosi. Nitapata mwingine."

"Ndiyo, mamere."

"Usikae pale peke yako baada ya kengele. Urudi nyumbani na watu."

"Ndiyo, mamere."

Walikuwa wengi kuliko mabenchi. Wengine walikaa sakafuni, na waliokaa sakafuni walilala. Walikuwa wamesahau namba zote, au hawakuwahi kuzijua. Nilianza na moja. Ilipofika saa nne koo langu lilikuwa limekauka, na ilipofika mchana sauti haikuwepo kabisa, nikawa nafundisha kwa kuonyesha vidole, nao wakapiga kelele kwa niaba yangu. Hakuna aliyenitazama mdomoni kama wale wa zamani. Mmoja alinitapikia viatu.

Nilirudi Tshopo na akina mama wa sokoni, nikisukumwa na vikapu vyao. Papa alikuwa amekwisha kurudi kutoka kwenye zege, amekaa mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Akanisogezea kigoda.

"Wanasema umepewa darasa."

Nikaitika kwa kichwa.

"Mpaka lini?"

Nilimwonyesha koo langu, kisha kwa kunong'ona nikamwambia, mpaka Jumamosi.

Akatoa mguu mmoja majini. "Na Jumamosi wakikuja na mwenye mchumba?"

"Nitarudi kwa mashuka."

Jumamosi mamere alisimama mlangoni mwa darasa, akasikiliza watoto wakihesabu hadi kumi na kukosea saba, na akasema nishike hadi Jumamosi inayofuata. Inayofuata akasema hivyo tena. Hakuwahi kuniambia kwamba darasa ni langu, wala sikumuuliza. Kila mwisho wa wiki nilifuta ubao wote, nikakusanya chaki zilizobaki, nikafunga madirisha, ili anayekuja akute mahali pasafi. Jumatatu nilikuta pasafi, nikayafungua madirisha mwenyewe.